Kasoro ya Saa Kumi

Mwezi uliopita tulikutana Donholm kumla mbuzi wa Mzee Kimeu. Ametimiza miaka themanini na sita, na watoto wake walitualika sisi sote tuliobaki katika mafundi wa kituo cha simu cha zamani, tukaja na miwani yetu, fimbo zetu na vidonge vyetu vya presha, tukakaa chini ya turubai uani. Hata supu haijaletwa, tulikuwa tushaanza kugombana. Ugomvi ni ule ule wa kila tukikutana: nani alivuta kamba kwanza siku ile ya kuhamia mtambo mpya. Mimi nasema ni Barasa. Barasa anasema ni mimi, tena anaapa, na huyo ni mzee wa kanisa. Mzee Kimeu, aliyekuwa mkubwa wetu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha heshima akimtabasamia kila mtu na asisikie hata neno moja. Masikio yale jamani! Mtu aliyekuwa akisimama mlangoni mwa ukumbi wa swichi, anainua kidole, anasema, “Safu ya tisa, ya tatu kutoka juu, inataka mafuta,” na ukienda unaikuta kweli inataka mafuta. Leo ana kifaa sikioni ambacho mjukuu wake hukizima mgeni akiwa msumbufu. Nilimwinamia nikamwuliza kwa sauti ya juu kama anamkumbuka yule mzee wa Makongeni. Akafikiri kidogo, akasema, “Ndiyo, niongezee, lakini isiwe na mafuta.” Nilicheka hadi nikashika mbavu, halafu njiani kurudi nyumbani nikaona machozi hayaishi. Nimeamua kuandika kabla na mimi sijaanza kuongezewa nyama nisiyoiomba.

Nilikozaliwa na wazazi wangu walikuwa nani si habari ya hapa. Mwenye hamu na aangalie kitambulisho changu. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ufundi, msichana peke yangu kati ya mafundi kumi na tisa. Ukumbi wa swichi ulikuwa ghorofa ya chini, mrefu kuliko kanisa letu, sakafu nyekundu imepigwa nta hadi inateleza, na safu za vyuma zimesimama kutoka chini hadi darini. Palinuka spiriti, mafuta ya mashine na vumbi lililopata moto. Saa mbili asubuhi, maduka ya Eastleigh yakifunguliwa, ukumbi wote ulipiga kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati, na sisi tukazungumza kwa mikono. Saa saba kelele ilipungua, watu wamekwenda kula, na sisi pia tulikula. Chakula tulikipasha juu ya mashine ya kuchajia betri, ambayo mgongo wake ulikuwa moto siku nzima. Kila mtu alikuwa na kopo lake la githeri. Siku moja Barasa alisahau kulegeza kifuniko cha kopo lake, likalipuka, maharagwe yakaingia safu ya nne, na mtaa mzima ukakosa simu hadi jioni. Kwenye ripoti tuliandika “unyevunyevu”, na kwa kweli githeri ile ilikuwa na mchuzi.

Mzee Kimeu alianza kazi enzi za meza ya waya, ambapo ukiinua simu mtu anakuitikia, unamwambia unamtaka nani, naye anachomeka waya kwa mkono wake. Alipenda kutuambia kwamba mtambo wa siku hizo ulikuwa na adabu, ulikuwa unakusalimia kwanza. Kisha ikaja mashine yetu, isiyosalimia mtu lakini inayofanya kazi mbele ya macho yako. Ukizungusha tano nyumbani kwako, mkono wa chuma huku kwetu ulipanda ngazi tano, ta-ta-ta-ta-ta, ukageuka kutafuta njia iliyo wazi, ukampisha mwenzake aipokee tarakimu inayofuata. Ungeweza kutembea kando ya safu ukiifuata simu ya mtu kwa miguu. Na mwaka ule, ghorofa ya juu, walikuwa wakisimamisha mtambo wa kidijitali: makabati sita ya rangi ya maziwa ndani ya chumba chenye baridi ya kuvalia sweta, viatu unavua mlangoni. Mzee Kimeu alipopelekwa kuuona alisimama pale na soksi iliyotoboka kidole gumba, akaweka sikio kwenye kabati, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mhandisi mgeni aliyeuleta.

“Huu umewashwa?”

“Tangu Jumatatu, mzee.”

“Aii. Sasa ukiugua nitajuaje?”

Mhandisi akamwonyesha skrini ndogo, akamweleza kwamba mtambo wenyewe utaandika pale unaumwa wapi. Mzee Kimeu alishuka ngazi akiguna. “Nimefanya kazi na vijana wengi wanaojiandikia cheti cha daktari,” akatuambia. “Sasa nimeletewa na mashine.” Tulicheka, lakini kicheko chetu kilikuwa na woga, kwa sababu tulijua makabati yale yalihitaji mafundi watano tu. Wengine wangetawanywa kwenye vituo vya mbali. Orodha ilikuwa haijatoka, na kila mtu alikuwa mwema kupita kiasi; hata Barasa alianza kuosha kikombe chake.

Kasoro ninayotaka kusimulia niliikuta mwezi wa nne, karibu mwaka mzima kabla ya kuhama. Nilikuwa zamu ya mchana, napima laini moja baada ya nyingine kwa simu ya fundi, ile yenye koleo mbili za kubania waya. Saa kumi na dakika chache nikabana laini ya Makongeni, ya mzee mmoja aitwaye Wekesa, stesheni masta mstaafu aliyekaa kwa mwanawe kwenye nyumba za reli. Nikasikia sauti ya mwanamume ikisema, taratibu kama mtu anayetangaza treni:

“Kumi na tano kwenda kumi na tisa.”

Nyuma yake kulikuwa na cherehani inayokwenda mbio. Cherehani ikasimama. Sauti ya mwanamke, yenye Kiswahili kitamu cha watu wa Pwani waliozaliwa Eastleigh, ikauliza, “Umefikiri vizuri, Makongeni?”

“Nimefikiria tangu jana.”

“Basi ungeongeza siku nyingine. Nakula mbili, na ya tatu inanisubiri mlangoni.”

Walikuwa wanacheza drafti. Kila mmoja alikuwa na ubao wake nyumbani, vyumba vimepewa namba, na hakuna hata mmoja aliyempigia mwenzake. Nyuma ya safu za vyuma, karibu na madirisha ya upande wa magharibi, kulikuwa na mafungu ya waya za kale zilizochakaa ngozi. Jua la alasiri lilipopiga pale, waya zilipata joto, zikanyooka, na waya wa Makongeni ukagusa wa mtu mwingine. Ukiinua simu saa kumi, unamkuta mwenzako yuko ndani. Kivuli kikirudi, saa kumi na moja na kitu, waya zinaachana na mazungumzo yanakatika. Kwa kuwasikiliza siku baada ya siku niliipata historia yao yote. Nilipowakuta walikuwa wameanza miaka miwili kabla. Mwezi wa kwanza walitukanana tu, kila mmoja akimwamuru mwingine atoke kwenye simu yake. Halafu siku moja Mzee Wekesa alisikia kupitia simu jinsi yule mama alivyokuwa akimkaripia mteja wake kwa kusogeza kete vibaya, akashindwa kujizuia, akasema, “Mwambie angeenda ishirini na tatu.” Hivyo ndivyo walivyoanza. Majina hawakutajiana. Zile zilikuwa enzi ambazo mtu alimwogopa hata anayesikiliza ukutani, na kila mmoja alishuku kwamba mwenzake ni mpelelezi mwenye subira. Yeye alikuwa “Makongeni”, mama alikuwa “Eastleigh”, basi. Mwezi wa saba, jua lilipojificha wiki mbili, kila mmoja alidhani mwenzake amenuna, na waliporudiana walianza na maneno makali kweli kweli.

Kuziba kasoro ile ilikuwa kazi ya dakika kumi: utepe mweusi, mkasi, kwisha. Utepe nilikuwa nao mkononi. Nikasema wacha wamalize mchezo huu. Wakamaliza, wakaanza mwingine, na mimi nikataka kujua nani atashinda. Tena ile simu haikupita kwenye mita hata kidogo, kwa hiyo mbele ya wakubwa ingeitwa wizi na mimi ningeitwa mshiriki. Kila mwezi kadi ya laini ya Makongeni iliniletea zamu yake ya ukaguzi, na kila mwezi niliandika, “Imekaguliwa. Hakuna kasoro,” nikatia sahihi. Uongo sikuandika. Nilihakikisha nakagua saa tatu asubuhi.

Siku ya kuhama ilipangwa Jumapili asubuhi ya mwezi wa tatu, kwa hesabu kwamba watu wote wa Eastlands watakuwa kanisani na simu zitakuwa zimelala. Aliyepanga alisahau kwamba Eastleigh Jumapili ni siku ya soko kama nyingine. Laini zote zilikuwa zimeunganishwa tayari na mtambo mpya, ila kati ya kila waya na mwenzake kulikuwa kumepachikwa kipande cha plastiki, na vipande vimefungwa kwa kamba ndefu. Tulipangwa mstari mmoja, kila mtu na kamba zake, wenzetu wengine wako chini wamekamata fyuzi za mtambo wa zamani. Mzee Kimeu akipuliza kipenga, wote tuvute. Mkubwa kutoka makao makuu alikuwa amekuja na suti ya vipande vitatu, akaanza hotuba kuhusu maendeleo ya taifa. Sasa, ng’ambo ya ukuta wetu kulikuwa na uwanja wa mpira wa mtaa, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyekumbuka kwamba Jumapili kuna mechi. Mkubwa alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye neno “hatimaye” pale refa alipopuliza kipenga cha penalti.

Tukavuta. Naapa Barasa alivuta kwanza. Plastiki zikamiminika sakafuni, wa chini wakang’oa fyuzi zao, na mara moja, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu pale, ukumbi wa swichi ukanyamaza. Mkubwa alibaki na karatasi yake mkononi. Mzee Kimeu alikitazama kipenga chake, ambacho hakijaguswa na mdomo, akakirudisha mfukoni polepole. “Hatimaye,” akasema, ili mtu awe ameimalizia ile hotuba. Huko uwanjani walikuwa wakishangilia bao.

Wiki iliyofuata ofisi ya malalamiko ilijaa watu. Mtambo mpya ulikuwa na namba mpya. Kila namba iliongezewa tarakimu moja mbele, na nusu ya mji haikusoma tangazo. Nilipewa kukaa kaunta. Jumanne ya wiki ya pili akaja mama mmoja mnene, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, akasubiri zamu yake bila kumsukuma mtu.

“Simu yako ina shida gani, mama?”

“Haina shida.”

“Sasa nikusaidie nini?”

“Hiyo ndiyo shida yenyewe. Nyinyi mmeitengeneza.” Akaweka kikapu juu ya kaunta. “Mimi ni Mama Nafula, bibi ya Mzee Wekesa wa Makongeni. Hiyo simu ilikuwa na kasoro yake ya saa kumi. Naomba mturudishie.”

Kalamu ilinianguka. Watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kucheka, na yeye akawageukia. “Cheka tu, baba. Wewe hukai na mwanamume aliyestaafu.” Akanielezea yote, na mwanzoni nilikuwa nauma midomo nisicheke. Siku tatu za kwanza Mzee Wekesa alishinda jikoni. Alimfundisha mkewe kukata sukuma wiki. Alipanga masufuria kwa urefu. Alimwandikia ratiba ya kwenda sokoni, yenye saa ya kuondoka na saa ya kufika, na akichelewa anamngoja mlangoni na saa yake ya reli. Kisha, tangu Alhamisi, akaacha. Anakaa tu kwenye kiti chake, kwa sababu miguu yake haimfikishi hata getini. Saa kumi anainua simu, anasikiliza ule mlio mmoja mrefu, anairudisha. Ubao wake umefunikwa kwa ungo, na ole wake atakayeugusa.

“Alikuwa anashinda,” Mama Nafula akasema. “Miaka mitatu anapigwa na huyo fundi cherehani wa Eastleigh, na Jumamosi ile alikuwa anashinda. Na sasa hali chakula, msichana wangu. Namwekea ugali anautazama, namwekea uji anautazama. Jana nimeuona mfupa wa bega lake alipokuwa anavaa shati.” Hapo sikuwa na haja tena ya kuuma midomo. “Jina la huyo mtu halijui. Namba haijui. Nyinyi ndio mlikuwa mnawaunganisha. Mtafuteni.”

Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua: kwamba hata sisi hatukuwa tunajua. Laini ya pili sikuwahi kuifuatilia, maana ningeijua ningelazimika kuiandika. Njia ya kuipata ilikuwa moja tu, kufuata waya kwa mkono ndani ya safu za zamani, na zile safu zilikuwa zimeuzwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa ghorofa ya chini na misumeno yao, wameshafika safu ya sita, na safu ya Makongeni ilikuwa ya kumi na moja. Walituambia wanamaliza Ijumaa. Na bila ruhusa ya Mzee Kimeu nisingeweza kugusa hata skrubu moja, na ruhusa singeipata bila kueleza nilijuaje. Nikaziona zile kadi, sahihi yangu imejipanga mwezi kwa mwezi, na orodha ya watu watano bado iko mezani kwake. Nilikunywa chai vikombe viwili, nikazichukua zile kadi, nikaenda.

Sikumkuta ofisini. Nilimkuta kwenye chumba cha betri, amekaa juu ya kreti la soda, mgongo wake kwangu.

“Mzee Kimeu, nina kosa la kukuambia.”

“Subiri,” akasema bila kugeuka. “Wewe ungeenda ishirini na mbili au ishirini na tatu?”

Mbele yake, juu ya betri iliyokufa, kulikuwa na ubao wa drafti umechorwa kwa chaki, na vifuniko vya soda vimepangwa, vingine vikiangalia juu na vingine chini. Mchezo ule ule. Kumbe masikio yale yalikuwa yameisikia kasoro kabla yangu, tangu mwaka wa kwanza, na kila siku saa kumi alijifungia mle na simu yake ya fundi. Mimi nilidhani anasali.

“Mzee, ulijua! Na mimi mwaka mzima silali, nasaini kadi—”

“Nilikuwa naziona. Unakagua saa tatu asubuhi. Nikasema huyu msichana ana akili.” Akanyanyua kifuniko, akakirudisha palepale. “Mimi niko upande wa Eastleigh. Lakini safari hii Makongeni amembana vibaya. Wewe umekuja kusema nini?”

Nilipomweleza kwamba mzee wa Makongeni ameacha kula, alisimama. Alichukua zile kadi mkononi mwangu, akapita nazo ukumbini, akazitumbukiza kwenye gunia la vyuma chakavu, akaendelea kutembea kama mtu aliyetupa ganda la ndizi. Kisha akawaambia wale watu wa misumeno kwamba atakayegusa safu ya kumi na moja kabla ya Ijumaa atakutana naye.

Jumatano tulifunga betri na kengele ndogo ya umeme kwenye waya wa Makongeni, iwe inapiga mlio ndani yake, nami nikaanza kugusa ncha za waya nyingine moja moja na simu ya fundi, nikitega sikio. Ncha zilikuwa maelfu. Tena sikio lisingesikia kitu mpaka waya zigusane, na waya zisingegusana bila jua, na siku hiyo mawingu ya masika yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Saa kumi ikaja, ikapita. Alhamisi ikaamka na mawingu mazito zaidi. Mzee Kimeu alisimama dirishani akiangalia mbingu kwa hasira, na ndipo nilipokumbuka saluni iliyokuwa ng’ambo ya barabara. Nilivuka mbio, nikamwomba mwenye saluni draya yake ya kukaushia nywele; alikuwa na mteja kichwa kibichi, ikabidi mteja aje naye kuhakikisha tunairudisha. Basi tukawa hivi: Mzee Kimeu ameshika draya anapulizia fungu la waya, mteja wa saluni na taulo lake kichwani anamwambia asiisogeze karibu sana itaunguza, wale watu wa vyuma wameacha misumeno wamekaa chini wanatazama, na mimi juu ya ngazi nagusa ncha, nasikiliza, nagusa, nasikiliza. Mkono uliniuma hadi nikauacha ufanye kazi wenyewe. Saa nane na robo nikasikia mlio.

Nilidhani nimeusikia kwa hamu tu. “Zima,” nikasema. Draya ikazimwa, waya zikapoa, mlio ukafifia, ukapotea. “Washa.” Ukarudi. Nikaisoma namba iliyochorwa kwa rangi nyeupe kwenye chuma, nikaisoma tena kwa sauti, na wale watu wa vyuma wakapiga makofi bila hata kujua tumepata nini.

Mzee Kimeu alivaa koti lake la Jumapili, tukaenda Makongeni kwa miguu, tukamkuta Mama Nafula mlangoni. Nilimvuta kando. Jambo moja lilikuwa limenikaba tangu Jumanne na sasa halikuwa na pa kujificha.

“Mama, kabla hatujapiga hiyo simu. Yule fundi wa Eastleigh…”

“Ni mwanamke,” akasema.

“Unajua?”

“Miaka mitatu mume wangu ananyoa ndevu saa tisa na nusu. Amnyolee fundi wa kiume kwa nini?” Akatikisa kichwa akinionea huruma, mimi na ujana wangu. “Ingia, chai itapoa.”

Chumba kilikuwa kidogo, makochi yana vitambaa vyeupe vya kufuma, ukutani saa kubwa ya reli. Mzee Wekesa alikuwa kwenye kiti chake kando ya simu. Nilikuwa namjua kwa sauti tu, na sauti ile ilikuwa nene. Sikutegemea shingo nyembamba vile ndani ya kola. Alimsalimia Mzee Kimeu kwa heshima zote, akaisikiliza habari yetu hadi mwisho, akaangalia karatasi yenye namba, akaisukuma mbali.

“Mimi sijawahi kumpigia. Yeye ndiye amepotea. Apige yeye.”

“Baba Nafula, hana namba yako,” mkewe akasema.

“Atafute. Mimi nilikuwa hapa kila siku.”

Mama Nafula hakubishana zaidi. Alikaa kwenye mkono wa kiti chake, akachukua simu, akaanza kuzungusha namba, na ile tarakimu mpya mbele aliikumbuka mwenyewe. Mtambo wa ghorofani ulikuwa na sauti safi kuliko wetu, na chumba kizima tulisikia simu ikilia huko Eastleigh mara mbili tu.

“Haloo?” Nyuma yake cherehani ilikuwa ikienda.

“Hujambo, mama. Unaongea na bibi ya Makongeni.”

Cherehani ikasimama. Ile sauti ikasema, chini chini, “Amekufa?”

“Hapana, yupo. Ana kiburi tu.”

“Alhamdulillahi,” sauti ikasema. “Alhamdulillahi. Kila siku nainua, nasikia mlio. Nikasema mzee wa watu amekwenda na hata jina lake sijui nimwombee dua vipi.”

“Anaitwa Wekesa.”

“Mimi Mama Saadia. Samahani, dada yangu. Ni mchezo tu, wallahi.”

“Najua ni mchezo. Naomba umchukue saa moja kila siku, kama zamani. Mimi mwenyewe nimeshindwa naye.” Akampa mumewe simu.

Mzee Wekesa aliipokea kwa mikono miwili. Mkewe akaondoa ungo, na kete zikatokea vile vile zilivyoachwa Jumamosi ile. Alizitazama sana. 

“Eastleigh.”

“Makongeni. Siku kumi na moja.”

“Ishirini na mbili kwenda kumi na nane,” akasema, na ile sauti ya stesheni ikaanza kurudi.

“Hiyo ulishacheza Jumamosi, mzee wangu. Zamu ni yangu. Nimekaa nayo siku kumi na moja, namwangalia huyu kete wako mkubwa anavyojivuna.” Tukasikia akivuta pumzi. “Nakula moja. Nakula mbili. Nakula tatu, na mfalme wako.”

Mzee Kimeu alishindwa kujizuia, akapiga kofi pajani. Mzee Wekesa aliziondoa kete zake moja moja kwa mkono wake mwenyewe, mpaka upande wake zikabaki kete mbili zimekaa kona mbali mbali. Nilimwangalia Mama Nafula, naye alikuwa ameshika kiti. Kisha mabega yale yakaanza kutikisika, nikaogopa, hadi kicheko kikatoka, kikubwa, cha kukohoa, kicheko nilichokisikia mwaka mzima kupitia waya.

“Huyu mama ni mwizi!” akasema, akijipangusa macho kwa kiganja. “Panga upya, Eastleigh. Panga upya, nakuja.” Akafunika simu kwa mkono, akamgeukia mkewe.

“Mama Nafula,” akasema, “hakuna kitu cha kula hapa ndani?”